Toroli Isiyoguswa

Saa nane usiku nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wanawake, nikisikiliza kifua cha mwanangu kupitia mlangoni. Mlango ule una mabawa mawili na kioo kidogo kilichopakwa rangi nyeupe ili ndugu wasichungulie, lakini rangi haizuii sauti. Binti yangu, kifungua mimba wangu ambaye sasa ni msichana mkubwa, ana pumu tangu anatambaa, na milio yake naijua kama dereva anavyojua milio ya gari lake. Kifua kikilia filimbi, bado kuna hewa. Filimbi ikikatika ghafla kabla mtoto hajapata nafuu, hapo ndipo pa kuogopa. Usiku ule ilikuwa inalia, nami nikiishukuru kila ilipolia.

Tulikuwa watatu kwenye benchi. Kushoto kwangu alikaa dada wa utafiti, binti mwembamba mwenye kishikwambi mapajani na saa ya kupimia mbio shingoni. Kulia alikaa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mtunza vifaa wa wodi ile. Zamu yake iliisha jioni, lakini mume wangu alikuwa safarini kikazi, naye akakataa kuniacha peke yangu. Alinimiminia chai kwenye kikombe cha plastiki. Chupa yenyewe hakuitoa kwenye boksi lake la dukani, alikata tundu juu ili mdomo tu utokeze.

Huyo shemeji ndiye ninayetaka kumweleza. Hospitalini wapo wanaomsifu na wapo wanaomtukana, na sioni kama kuna anayemjua.

Mimi namjua tangu niolewe. Nyumbani kwake makochi bado yamevaa nailoni za kiwandani. Ukikaa wakati wa joto, huinuki, unabanduka. Kabatini mna vikombe kumi na viwili vya harusi yake, vinavyomngoja mgeni. Mgeni huyo huu ni mwaka wa kumi na tisa hajatokea. Siku moja nilimuuliza mkewe kama mimi si mgeni, akacheka.

"Wewe ni mtu wa nyumbani, dada. Kunywa kwenye plastiki."

Akiba haiozi, ndilo neno la shemeji asubuhi na jioni. Sasa mtu wa namna hiyo hospitali ikamkabidhi toroli ya dharura. Ni toroli nyekundu ya droo tano, ambayo mgonjwa akizimika au akishindwa kupumua hukimbizwa hadi kitandani kwake. Ndani yake mna mpira wa kukamulia hewa mapafuni, dawa za kuuamsha moyo, mirija, na taa ya kumulikia koo.

Kisha wakaja watu wa utafiti. Walitaka kujua kwa nini wagonjwa wanaozimika wakiwa ndani ya hospitali, mikononi mwa madaktari kabisa, wanazinduka wachache hivyo. Ni swali zuri, hata mimi ningeliuliza. Ila moyo wa mtu husimama bila kutoa taarifa, na toroli ipo palepale kila siku, kwa hiyo wakaanza kwa kuhesabu toroli. Kila Jumatatu walipita na orodha ya vitu arobaini na viwili, wakitia alama: kipo, hakipo.

Mwezi wa kwanza toroli ya wodi ya wanawake ilikutwa na vitu ishirini na sita. Sista mkuu aliitwa ofisini, akarudi macho mekundu. Shemeji akaingia kazini. Alijaza droo zote, akaifunika toroli kwa nailoni, akaisukuma stoo, akafunga, na ufunguo akautia kamba akauvaa shingoni. Mwezi wa pili vitu vyote arobaini na viwili vikakutwa. Wa tatu vilevile. Jina la wodi likabandikwa ukutani, yeye akapewa cheti, na manesi wakambatiza Bwana Kamili.

"Sasa mgonjwa akizimika?" nilimuuliza Jumapili moja alipotuletea picha za sherehe ya cheti.

"Tunaazima wodi ya wanaume. Ni hatua sitini tu, nimezihesabu."

"Na ya kwenu?"

"Ya kwetu ni ya ukaguzi, shemeji."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, mdogo wangu."

"Inasitiri, kaka. Wewe tatizo lako husomi ripoti."

Na ripoti kweli ilikuwa upande wake. Toroli ya wodi ya wanaume, kwa kuwa ilihudumia wodi mbili, kila Jumatatu ilikutwa droo ziko wazi, dawa zimepungua na mpira umelowa mate. Ikaandikwa kwamba wodi ile ni ya wazembe. Wale waliokuwa wakikimbia na toroli usiku kucha wakaitiwa kikao cha onyo, na muuguzi wao mmoja akaambiwa aje ajifunze kwa Bwana Kamili. Akaja. Shemeji alimwonyesha kufuli.

Mwanangu alilazwa Jumatano. Usiku wa benchi ulikuwa wa Ijumaa. Dada wa utafiti, ambaye kazi yake ilikuwa kungoja dharura itokee ili aipime, alinigeukia kwa upole.

"Mama, nina dodoso fupi la ndugu wa wagonjwa. Una dakika kumi?"

"Nina usiku mzima, mwanangu."

"Kwa kiwango cha moja hadi tano, moja ikiwa kidogo sana, wasiwasi wako ni ngapi?"

"Tano ndiyo mwisho?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika tano, lakini ujue umenipunja."

Akaandika. Akaniuliza kama sehemu ya kungojea inaridhisha. Nilikuwa natafuta jibu lenye adabu, maana benchi lile lina msumari, ndipo filimbi ikakatika.

Nikasimama. "Amenyamaza."

"Amepata usingizi, shemeji," akasema Bwana Kamili. "Kaa umalize chai."

"Huyu hajalala. Huyu nimemzaa mimi."

Niliupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Ndani nikasikia viatu vya nesi vikitembea, vikasimama, vikarudi mbio. Bawa moja likafunguka, nesi akatoa kichwa.

"Hapumui! Bwana Kamili, toroli!"

Shemeji alishika ufunguo kifuani. Mtoto aliyekuwa mle ndani humwita baba mdogo, na siku ya kwanza ya shule ni yeye aliyembeba mgongoni kwa sababu ya matope. Lakini tabia ikamtangulia mdomoni.

"Mmewauliza wodi ya wanaume?"

"Nao wameifungia! Si uliwafundisha mwenyewe? Na mwenye ufunguo kaenda nao kwake!"

"Sekunde ishirini," alisema dada wa utafiti. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameshabonyeza saa yake.

Shemeji akanitazama mimi. "Ukaguzi ni Jumatatu," akasema taratibu, kama mtu anayeomba ushauri.

Niliikamata ile kamba nikaivuta, na kwa kuwa ilikuwa shingoni mwake, akaja nayo. Mlango wa stoo ulikuwa hatua tatu tu. Sijui kilichomrudisha akili zake, kamba au mlango, lakini alipoufikia alikuwa ameshaninyang'anya ufunguo na kuutumbukiza kwenye kufuli bila hata kuangalia. Nikasikia nailoni ikichanika. Miaka yote niliyomjua, sijapata kusikia sauti hiyo ikitoka mikononi mwake.

Wakapita mbele yangu na toroli, yeye na nesi, wakaingia wodini, mlango ukanifungia nje.

Kuanzia hapo nilichobaki nacho ni masikio. Sauti ya kwanza ilikuwa ya daktari wa zamu.

"Taa haiwaki!"

"Nilizitoa betri zisije zikavuja," akajibu shemeji. "Ninazo mfukoni. Hizi hapa."

Orodha ilikuwa inauliza kama taa ipo. Kama inawaka, haikuuliza.

"Dawa ya moyo?"

"Droo ya pili, kushoto, nyuma ya pamba."

"Mrija namba saba!"

"Ya tatu. Siyo huo, huo ni sita. Huu."

Kila kilichoitwa, alitaja mahali kilipo kabla daktari hajamaliza kukiita. Alikuwa amevifuta vumbi vitu vile kila asubuhi miezi mingi, na nadhani hakuna mtu hospitali nzima aliyevijua kama yeye, wala aliyewahi kuvitumia kidogo kama yeye.

"Mikono yetu imejaa, nani anakamua mpira?" daktari akapaza sauti. "Wewe! Kamata hapa. Kamua, achia. Polepole, usimpasue mtoto wa watu!"

"Ni wa kwetu," nikamsikia shemeji.

Nilimgeukia dada wa utafiti. "Ingia ukasaidie, mwanangu. Una mikono miwili."

"Siruhusiwi, mama. Nikigusa kitu nitaharibu matokeo."

"Matokeo ya nini?"

"Ya nani anapona."

Nilimkazia macho nimjibu nilichokusudia, nikaona machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na kidole gumba bado kimekaa juu ya kitufe cha saa. Basi nikarudisha sikio mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Ulijuaje, mama? Ulijua kabla ya nesi."

"Alinyamaza."

Akatafuta kwenye kishikwambi chake mahali pa kuandika hilo. Kulikuwa na swali la nani aliyegundua kwanza, na vijisanduku vitatu: daktari, muuguzi, mashine. Alivipitia mara mbili, kisha akapaacha wazi.

"Dakika nne," akasema. Halafu, "Dakika sita." Halafu akaiingiza ile saa ndani ya blauzi. Mle ndani sauti ya daktari ilikuwa imeshuka na sikuweza kushika maneno. Kushuka kule sikukupenda. Watu hushusha sauti kwa mambo mawili tu, nafuu au msiba. Nilianza kuhesabu vigae vya ukutani nikavipoteza, nikaanza tena.

Mlango ukafunguka mabawa yote mawili.

Kwanza ilitoka miguu ya kitanda, nesi akikivuta, mtungi wa oksijeni umelazwa pembeni ya magoti ya mwanangu. Daktari alikuwa anasukuma kwa nyuma, shati limemganda mgongoni.

"Tunampeleka chumba cha mahututi, mama. Moyo unapiga. Hewa bado tunampa sisi."

Ubavuni mwa kitanda shemeji alikuwa anatembea upandeupande kama kaa, na mpira mikononi, umeungwa kwenye mrija uliotoka kinywani mwa mtoto. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nyuma yake niliiona toroli katikati ya wodi, droo zote tano zimeachama, pamba na maganda ya sindano yametapakaa sakafuni, naye hakugeuka kuitazama.

Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia bila kujijua.

"Pisha, shemeji," akasema, macho yakiwa kwenye kifua cha mtoto. Akakamua. Kifua kikapanda.

Nikapisha.