Mstari Mwekundu wa Saa Tatu

Kazi yangu ni kupanga masomo ya madaktari. Naandika hivyo na naona aibu kidogo, maana mimi mwenyewe niliishia darasa la pili la sekondari, na mtu anaweza kufikiri najisifu. Siwafundishi kitu. Naandika barua za mwaliko, nazikabidhi kwa wenye pikipiki, natafuta mwalimu, naazima viti kwa majirani. Masomo ni hapa Kasongo, kila miezi mitatu, siku mbili. Wanakuja madaktari wa mjini na wale wa mbali, hadi upande wa Kabambare, wale wanaotibu kila kitu: mtoto, mzee, mjamzito, kidonda.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, nasoma majina kwa sauti. Anayeitika anatia sahihi. Halafu napiga mstari kwa biki nyekundu chini ya jina la mwisho, na watu wawili wanashuhudia. Anayekuja baadaye anaandikwa chini ya mstari, na kwetu aliye chini ya mstari hakuja, hata akiketi mpaka jioni. Akiwa chini mara tatu kwa mwaka, mkataba wake haufanywi upya.

Mstari niliuanzisha mimi. Zamani watu walikuwa wanafika wakati wa chakula, wanatia sahihi, wanakula. Daktari mkuu, yule anayetia sahihi mikataba yao, aliupenda. Nami nilijivunia kwamba simpendelei mtu. Jirani yetu, daktari wa mjini, siku moja alitoka mazishini akachelewa kidogo, nikamwandika chini. Hakunisalimia wiki mbili.

Daktari wa Wamaza, huko mbali upande wa Kabambare, alikuwa kijana, mpole, mwenye mwandiko mbaya. Mwaka ule alikuwa ameshaandikwa chini mara mbili. Mara ya kwanza hakutoa sababu yoyote, hilo lazima niliseme. Mara ya pili ni daraja lililovunjika. Ndiye aliyeniandikia kuomba somo la kuumwa na nyoka, kwa kuwa wakulima walikuwa wanaletwa kwake miguu imevimba na hakuwa na uhakika anafanya sawa. Nikaliweka somo lake la kwanza kabisa, asubuhi ya kwanza. Nilidhani namtendea wema.

Alifika karibu saa sita, tope mpaka kifuani. Mwalimu alikuwa amemaliza, anafuta chaki mikononi. Daktari mmoja wa mjini akasema, "Wamaza imefika, sasa tunaweza kula." Wakacheka, na yeye akacheka pia.

Alinieleza taratibu. Pikipiki ilikwama njiani, akalala kijiji cha Lusangi. Asubuhi watu wa pale wakasikia daktari anapita, wakamngoja mlangoni na watoto wao. Alitaka kuona watatu tu. Akaona watatu, kisha akaona na wengine. Sijui kama yote yalikuwa kweli. Nadhani yalikuwa kweli.

Nikamfungulia rejista. Akautazama mstari.

"Mama, mimi sikatae huu mustari," akasema. "Nauliza tu. Hii saa yenu inaanza kuhesabiwa wapi?"

"Saa iko ile ile kwa wote, Dokta."

"Ndiyo. Ile ile kwa wote."

Akatia sahihi chini. Akaenda kuketi mbele, akanakili yaliyobaki ubaoni. Upande mmoja ulikuwa umeshafutwa. Nilitazama mgongo wake na sikuona huruma wala hasira; nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unajua ni wako lakini huusikii.

Wiki iliyofuata daktari mkuu aliniita, akauliza kama ni mara tatu kweli. Nikahesabu mbele yake. Ni tatu.

"Kuna kitu unataka kuongeza, Mama?"

Lusangi haikuwa ndani ya rejista. Rejista ina jina, mahali, sahihi.

"Hapana, Dokta."

Simlaumu. Aliuliza vizuri, akangoja jibu.

Sasa yule kijana yuko Salamabila, anatibu wachimbaji wa dhahabu kwenye zahanati ya mfanyabiashara mmoja. Wanasema yuko vizuri. Labda angeondoka tu, hata bila mimi, wengi wanaondoka. Nimejaribu kujiambia hivyo, na sijui kama ni haki au ni kujifariji. Wamaza imebaki na muuguzi.

Napanga tena masomo yanayokuja. Nimehamisha kusoma majina, sasa ni saa saba mchana, na nimemwomba daktari mkuu akubali. Alikubali bila kuinua kichwa. Madaktari wa mjini wamelalamika kwamba asubuhi yao inapotea, na wana haki, inapotea. Mstari ninao bado. Biki ni ile ile.

Barua ya Wamaza niliiandika kama kawaida, kwa Daktari wa Wamaza, kwa sababu orodha haijabadilishwa. Mwenye pikipiki akauliza ampe nani. Nikamwambia ampe muuguzi, aiweke.

Somo la kuumwa na nyoka nimelirudisha, saa nane, siku ya kwanza. Safari hii hakuna aliyeliomba.