Viungo Alivyovinunua Yasmine

Yasmine ndiye aliyetengeneza tovuti ya ajansi ya baba yake, mzee Issaka, anayesafirisha mizigo kati ya Butembo na Beni. Wafanyabiashara wa mbali waliotafuta lori kwenye Google walikuta jina la Issaka juu kabisa.

Kisha jina likatoweka, na simu zikapungua. Yasmine alipochunguza, alikuta mamia ya kurasa za kamari na za wanawake uchi zimewekwa viungo vinavyompeleka mtu moja kwa moja kwenye tovuti ya Issaka. Google ikiona viungo vya namna hiyo hudhani mwenye tovuti anadanganya ili apande, nayo humshusha.

"Ni Éliakim njo alifanya ile," alimwambia baba yake. "Anafanyia bale bashindani betu kazi."

Éliakim alikuwa na duka la kuchapa karatasi karibu na soko, na ndiye aliyewatengenezea tovuti wenye malori wengine. Yasmine aliingia mbele ya wateja, akamwita mharibifu, mtu wa kupaka jina la familia ya Kiislamu uchafu. Éliakim alisimamisha mashine.

"Miye sijue ile mambo. Lakini angalia tarehe. Zile lien, bile viungo, zilianza wakati gani?"

Nyumbani aliziangalia. Viungo vilianza wiki ileile alipomlipa mtu wa Telegram, asiyemjua hata sura, aliyemwahidi viungo vya kuipandisha tovuti. Alikuwa amesahau, au alikuwa amejisahaulisha. Akafunga kompyuta, akakaa sakafuni. Mama yake alipomwita kula, alisema kichwa kinamuuma.

Kumwambia baba ndiko kulikomshinda. Alianza mara nyingi akaishia kuuliza habari za lori. Mwishowe akasema.

"Ile picha, weye njo uliileta kwa jina yangu?" Issaka aliuliza polepole.

"Ni miye, baba. Sikujua."

"Na mutoto wa benyewe ukamutukana."

Akainuka akaenda kuangalia lori. Yasmine angeona afadhali agombezwe.

Kesho yake alirudi dukani, akamwomba Éliakim watoke nje waongee.

"Hapana. Ulinitukana mbele ya batu. Semea hapa."

Akasema, wateja wawili wanawake kutoka Musienene wakimkodolea macho: yeye mwenyewe ndiye aliyenunua vile viungo, Éliakim hana kosa.

Éliakim akamvutia kiti. Waliwaandikia wenye zile kurasa wavifute viungo, wachache walijibu. Vilivyobaki waliviorodhesha, wakaipelekea Google orodha ili isivihesabu. Yasmine alitaka kutia kila kitu humo, hata kiungo cha redio ya mji. Éliakim akamzuia.

"Ile ni muzuri. Usitupe yote juu ya kuona haya."

Baada ya miezi kadhaa jina la Issaka lilirudi, chini kidogo ya pale lilipokuwa, na simu zikaanza kuita tena. Wakikutana sokoni, Éliakim humsalimia vizuri tu. Yasmine huitikia akitazama viatu vyake.