Mahari ya Mama Yangu na Usukani wa Masereka

Mtu akitaka kumuudhi mama yangu, amwambie kwamba mahari yake iliishia kwenye tangi la lori. Nimewasikia wengi wakijaribu, hasa watu wa upande wa baba, na sijamwona hata mmoja aliyeondoka bila kupewa lake. Habari yenyewe ni ya kweli, ila wao huisimulia nusu. Mimi nitaisimulia yote. Nina haki nayo, maana bila mahari hiyo nisingezaliwa.

Mwaka 1968 mjomba wangu Masereka alikuwa tanboi wa lori la kahawa na pamba, baina ya Bwera na Kasese. Tanboi ndiye yule anayekaa nyuma juu ya magunia, anameza vumbi la dunia nzima, na mvua ikinyesha ni yake peke yake. Lori likisimama mlimani, huruka chini na kigogo cha mti na kukisukuma nyuma ya gurudumu kabla gari halijaanza kurudi. Breki za malori yale hazikuwa za kuaminiwa, kwa hiyo tanboi mzembe angeweza kuua watu. Masereka hakuwa mzembe. Lori lilikuwa bado linakwenda, yeye miguu yake iko chini.

Lakini alitaka usukani, na hakuficha. Aliutaka kiasi kwamba dereva wake alikuwa akimkemea kwa kuutazama. Tatizo lilikuwa malipo ya mafunzo, kwa sababu mshahara wa tanboi ulitosha chumvi na sabuni tu.

Njia ya kwanza aliletewa na Drani, sajini aliyetoka kaskazini na kukaa kambini na familia yake. Alikuwa mtu mwema, na mkewe alinunua ndizi kwa mama.

"Kijana, kuja jeshini," alimwambia. "Sisi nafundisha wewe gari bure. Nguo bure. Viatu bure. Unangoja nini?"

"Ndiyo, afande," alijibu Masereka, akarudi nyumbani bila raha. Miaka ile milima yetu haikuwa imetulia, na askari walikuwa wakipandishwa huko na bunduki. Alijua kwamba siku moja angeambiwa apeleke lori la askari kwenye kijiji cha shangazi yake huko juu, kwa hiyo hakwenda.

Njia ya pili ilikuwa ya tajiri mwenye lori. Yeye angemlipia kila kitu, kisha Masereka angemwendeshea miaka mingi kwa chakula tu, na leseni ingekaa kabatini mwa tajiri. Mjomba alisema afadhali vumbi.

Njia ya tatu ilikuwa mbuzi. Kwetu Wakonzo dada akiolewa, mbuzi wa mahari yake humsaidia kaka yake kuoa. Mama yangu, Ithungu, alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, na mbuzi wake walikuwa zizini kwa babu mzaa mama wakimsubiri mchumba wa Masereka. Mchumba huyo aliitwa Eseri, binti wa mzee Yafesi wa Kyondo. Sehemu ya mbuzi ilikwisha kupelekwa kwa Yafesi, ya kufungulia mlango. Waliobaki ndio wa kumaliza kazi. Kuwauza ili ujifunze gari ni kula harusi yako mwenyewe kabla ya kuoa. Tena kulikuwa na jambo la pili: ndoa ya dada ikivunjika, mbuzi wanadaiwa. Masereka akiwauza, mama yangu angekuwa amefungwa kwa baba yangu, apende asipende.

Akaenda kumuuliza mama. Alimkuta akipalilia mihogo, naye bibi mzaa baba yuko karibu, masikio wazi.

"Yaya, naogopa," alisema, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Nikiuzisha hizi mbuzi, na wewe siku moja ukitaka kurudi kwetu, utafanya nini?"

Mama akatupa jembe. "Nani amekuambia mimi nitarudi? Bwana yangu iko muzuri. Kamata mbuzi, uende Kasese. Lakini usikuje hapa na mikono mitupu, nitakuchapa mbele ya watu."

Bibi alikwenda kuyasema kwa majirani wote, kwamba mahari ya mtoto wake inageuzwa petroli. Kwa Yafesi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mzee alitangaza kwamba atangoja mpaka kahawa iishe kuvunwa, basi. Kulikuwa na mtu mwingine aliyemtaka Eseri, mwenye shamba la mpunga kule Mubuku, na huyo mbuzi wake walikuwa wanaonekana kwa macho.

Masereka akauza. Kasese alifundishwa na Kiiza, Mtooro mmoja mwenye lori kuukuu na sauti ya kuamsha wafu. Kiiza alimsifu. Gia aliziingiza bila kelele, kona alizikata kwa adabu, na lori likiugua alisikia kabla halijazima. Siku ya mtihani ilipofika hakuna aliyekuwa na wasiwasi, na hapo ndipo penye ubaya.

Mkaguzi alipanda, wakaenda barabara ya Kilembe inakopanda. Katikati ya mlima mkaguzi akasema, "Simama." Masereka akasimama vizuri sana. Akavuta breki ya mkono, akafungua mlango, akaruka chini, akachukua jiwe na kulisukuma nyuma ya gurudumu. Aliponyanyuka ndipo akaona hakuna dereva. Mkaguzi wa serikali alikuwa amekaa peke yake mbele, ameshika kofia kwa mikono miwili, uso mweupe kama unga wa muhogo.

Alianguka mtihani pale pale. Kasese nzima ilicheka, na kicheko kilifika Bwera kabla yake. Mimi mwenyewe nacheka ninapoandika, Mungu anisamehe. Lakini Masereka hakucheka. Mbuzi wamekwisha, mtihani wa pili unataka malipo mengine, na kahawa ya Kyondo ilikuwa tayari inaanikwa. Drani akamwita tena. Safari hii Masereka hakukataa. Alisema atajibu baada ya Jumapili.

Jumapili hiyo Eseri alifanya jambo ambalo Kyondo haikuwahi kuona. Watu walipotoka kanisani, alimsimamisha baba yake mbele ya wazee.

"Baba, zile mbuzi zenye ziko kwako zilikuja sababu yangu. Unipe, niziuzishe, Masereka arudie mutihani."

"Mbuzi ikitoka, ndoa imetoka," alisema Yafesi. "Unajua hiyo."

"Haitoki. Nakopa. Akianguka tena, nitaenda kwa ule mutu wa Mubuku, na hautanisikia nikilia."

Wanawake wakashika vinywa. Yafesi angeweza kumpiga, na hakuna ambaye angemlaumu siku zile. Lakini alikuwa mtu anayependa neno lililonyooka, hata likimchoma. Akawaambia wazee, "Mumesikia?" Wakasema wamesikia. Akaenda kufungua mbuzi mwenyewe.

Masereka aliposikia, aliogopa kuliko alipoanguka. Kupoteza mbuzi ni kitu kimoja. Sasa Eseri alikuwa amejiweka mwenyewe juu ya mlima ule. Hakwenda tena kwa Drani. Alikwenda kwa Kiiza, akamwambia miguu yake haimsikilizi.

"Hiyo dawa yake iko," alisema Kiiza. Akaleta kamba ya katani, akamfunga kiunoni kwenye kiti. Kila siku walipanda na kusimama, na kila siku kamba ilimvuta Masereka nyuma kama mbuzi aliyeona majani ya jirani. Kidogo kidogo ikaacha kuvuta.

Siku ya mtihani wa pili walikuwepo wote. Mama alikuja na mimi tumboni, amevimba kama gunia. Eseri alikuja naye. Yafesi alisimama kando ya barabara, pale penye mlima mkali, akasema amekuja kuona kwa macho yake asije akadanganywa. Lori lilikuwa limejaa simenti, na mkaguzi alikuwa yule yule. Kamba ilibaki kwa Kiiza.

Lori likapanda. Mkaguzi akasema, "Simama." Likasimama, likalia chuma, likatikisika. Mama anasema mlango wa dereva ulifunguka kidogo, upana wa kidole. Kisha mlango ukafungwa tena, taratibu, kutoka ndani.

Hapo ndipo mzee Yafesi, ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kusaidia, alipookota jiwe kubwa, akakimbia na kanzu yake ya kanisani mpaka nyuma ya lile lori, akalisukuma chini ya gurudumu.

"Mzee, toka huko!" akapaza sauti mkaguzi dirishani. "Toa jiwe! Dereva yuko ndani!"

"Na iko anajua?" aliuliza Yafesi, anahema.

"Anajua!"

Yafesi akatoa jiwe. Lori likakaa pale pale, halikurudi hata kidogo, kisha likanguruma, likapanda mlima na simenti yake yote. Mama alipiga vigelegele mpaka Kiiza akamwomba amfikirie mtoto. Eseri aliketi chini barabarani akalia, kwa kuwa kilio alichokiahidi kukizuia kilikuwa cha Mubuku tu.

Walioana mwaka uliofuata. Masereka alipata lori la kahawa na kuwalipa wote, mbuzi kwa mbuzi. Lakini safari yake ya kwanza kuja Bwera alilisimamisha lori mbele ya nyumba yetu, saa za mchana, majirani wote wako nje. Akafungua mlango wa mbele.

"Yaya, panda."

Mama akanifunga mgongoni, akavaa gauni la sikukuu, akapanda. Akaenda mpaka Kasese, akarudi jioni bila kununua hata kiberiti. Bibi alikuwa akimngojea mlangoni.

"Ulienda kufanya nini Kasese?"

"Nilienda kukaa mbele," alisema mama.