Niliuza Patasi za Baba, Kaka Yangu Akafukuzwa

Admin, jina langu usiliweke, kuna watu wa familia yetu wanaosoma hapa. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu. Jambo hili hata mke wangu halijui.

Nilikulia mtaa wa Baba Dogo, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Baba alikuwa mchonga vinyago, lakini mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka na patasi zake zilikuwa zimekaa kwenye sanduku chini ya kitanda miezi mingi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi. Mjomba alinipa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi yao, nikawa mtumwa wa gemu ya mbio za magari. Shida ni kwamba picha zilikuwa zinakwama kila kona. Fundi mmoja wa mjini akaniambia, "Badilisha kadi ya picha tu, itakimbia kama mpya." Alikuwa nayo moja iliyotumika, bei nafuu. Hata hiyo bei nafuu sikuwa nayo.

Nikazipeleka patasi za baba soko la Kariokor, nikaziuza zote. Nilijiambia mzee hazihitaji tena.

Kadi haikuingia. Kompyuta yangu ilikuwa ya zamani mno, haikuwa na nafasi ya kuichomeka, na fundi akakataa kuipokea tena. Wiki hiyo hiyo baba akaombwa achonge msalaba wa kanisa. Alifurahi sana. Akavuta sanduku, akalikuta tupu.

Hakuniuliza mimi. Alimgeukia kaka yangu mkubwa, Kyalo, kwa sababu aliwahi kuuza redio ya nyumbani akanywea pombe. Kyalo akasema, "Baba, redio ni mimi. Hizi si mimi, haki ya Mungu." Baba akamwambia, "Toka kwangu." Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, kikombe cha chai mkononi. Nikaendelea kunywa.

Baba alikufa bila kuongea naye tena. Siku ya mazishi Kyalo alisimama nyuma ya watu, hata udongo hakutupa.

Sasa mama ni mgonjwa sana, na kila siku anasema hawezi kupumzika kabla Kyalo hajaomba msamaha. Juzi Kyalo, ambaye pombe aliiacha zamani, akanipigia simu. "Nimechoka, ndugu yangu. Jumapili nitamwambia mama ni mimi niliziiba, aende na amani. Twende pamoja, peke yangu sitaweza."

Nikamwambia sawa.

Naogopa nikisema ukweli mama ataondoka na uchungu mpya, tena juu yangu mimi ninayemlisha. Lakini nitakaaje pale nimwangalie kaka yangu akiungama wizi wangu? Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?