Mke wa Rivasi

Wanawake wa saluni walimpa msusi wao mke mwenza hata kabla yeye mwenyewe hajaanza kumshuku mumewe. "Mkate unatoka kiwandani wa moto, unafika dukani umepoa. Mkate huo umelala mahali," alisema mteja mmoja, kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi. Msusi, ambaye ndiye mke wa dereva wa mikate hiyo, alivuta unywele mpaka mteja akaomba radhi. Lakini neno lilikwishaingia. Mumewe alikuwa mtu mpole, hanywi, hachezi kamari, na kiwandani wenzake walimwita Rivasi, gia ya kurudi nyuma, kwa sababu hakuna safari aliyoimaliza bila kurudi alikotoka. Sasa anarudi kufuata nini?

Basi alfajiri moja msusi alijipenyeza nyuma ya gari la mikate, akajibanza kati ya kreti, kandambili mkononi kwa ajili ya huyo mwanamke. Gari liliondoka, likaruka tuta, likasimama, likageuka, likarudi. Aliposikia mlango wa dereva unafunguliwa, alichomoka kama mtu anayefumania. Akamkuta mumewe amepiga magoti kando ya barabara, anamulika mtaroni kwa tochi ya simu.

"Yuko wapi?" msusi alifoka.

"Hata mimi namtafuta," mumewe alijibu, wala hakushangaa mkewe ametokea wapi. "Nahisi nimemgonga mtu."

Mtaroni hamkuwa na mtu. Mlikuwa na kiatu kimoja kilichotupwa na maji machafu. Msusi alikaa ukingoni akalia, na tuseme ukweli, nusu ya kilio kile ilikuwa hasira iliyokosa pa kwenda. "Mwanamke ningempiga," alisema. "Mtaro nitaupigaje?"

Hapo ndipo mume alipofungua moyo. Kila gurudumu likigusa kitu, wazo humjia kwamba ameponda mtoto. Anajua hakuona mtoto. Anajua ni tuta, tena tuta analolijua tangu lilipojengwa. Lakini je, kama alikuwepo? Basi anarudi, anatazama, moyo unatulia, anaondoka. Kabla hajafika mbali wazo linamnong'oneza kwamba labda majeruhi alijiburura mpaka vichakani. Amekuwa hivyo tangu kabla ya ndoa. Na maisha yake yote hajawahi kumgonga hata kuku.

Siri ilipotoka, washauri walijaa kama nzi kwenye kidonda. Mwenye kiwanda alimwambia aache tu kurudi, kana kwamba maskini alikuwa akisubiri ruhusa. Shangazi mtu akasema ni jini la barabarani. Mshindi wa wote alikuwa fundi wa magari wa kiwanda, bingwa asiyekosa jibu hata ukimuuliza habari za mimba. Huyu aliamua ugonjwa uko kwenye shokomzoba, vile vyuma vinavyomeza mitikisiko ya gari. Zimechoka, alisema, ndiyo maana dereva anasikia kila kokoto. Zikifungwa mpya hatasikia kitu. Bosi alifurahi mno kusikia kumbe dawa ya wazimu inauzwa duka la vipuri.

Zikafungwa. Gari likawa laini kuliko kitanda cha bosi mwenyewe. Kesho yake mikate ilichelewa kuliko siku zote, maana sasa dereva hakusikia kitu chochote, kwa hiyo angeweza kuwa amemponda yeyote, popote, bila kujua. Alirudia njia nzima. Fundi, bila haya, akasema basi labda ni matairi.

Mtu akiugua jino hupewa pole. Akiugua wazo hupewa jina la utani. Msusi alichoka na watu. Akaamua kulishika jambo mwenyewe: kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, alipanda gari la mikate akakaa kando ya mumewe.

"Kuna mtu?"

"Hakuna, mume wangu. Twende."

Mikate ikaanza kuwahi, na bosi akamsifu. Lakini maswali yalizaana. Mume aliuliza barabarani, akauliza mezani, akapiga simu saluni katikati ya msuko. "Pale konani, una hakika?" Wateja walicheka chinichini. Msusi alijifanya kuchukia. Moyoni, na hili hakumwambia mtu, alipenda. Mwanamume ambaye miaka yote hakuwahi kumwomba maoni hata ya rangi ya pazia, sasa hawezi kuvuka tuta bila yeye. Wangapi pale saluni walihitajiwa hivyo?

Kisha msusi akaugua homa. Mumewe alifika kwenye tuta la kwanza, akazima gari, akakaa hapo mpaka mikate yote ikakosa wanunuzi. Bosi hakupiga kelele. Alisema ikichelewa tena kabla ya mwezi kuisha, funguo zinakwenda kwa mwingine. Jioni ile mume alilia waziwazi. "Sina kazi nyingine ninayoijua," alisema. Msusi aliogopa, na siku ya pili akamburuta hadi kliniki.

Daktari alikuwa binti mdogo, na alikuwa mtu wa kwanza asiyecheka. "Huu ni ugonjwa, baba, na una tiba," alisema. "Wazo baya humjia kila mtu, likapita. Kwako linakwama. Ukirudi kutazama, umelilisha, na kesho litakuja na njaa zaidi. Nitakupa vidonge, ila vinachukua wiki kadhaa. Dawa kubwa ni kuvuka tuta usirudi. Hofu itapanda, uiache ipande. Itashuka yenyewe."

Msusi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, mpaka daktari alipomgeukia.

"Na wewe mama, ndiye unayelipikia."

"Mimi?"

"Ukimwambia hakuna mtu, umerudi nyuma kwa niaba yake. Akikuuliza, mwambie unaona anaogopa. Jibu usimpe."

Msusi aliona ametukanwa. Alinuna njia nzima, mume anauliza, yeye kimya, na bila kujua akawa amempa dozi ya kwanza.

Mazoezi yalikuwa ya machozi. Walianza na barabara tulivu. Siku nyingine mume alivuka akitetemeka, siku nyingine aligeuza gari na kurudi kichwa chini, kisha akajaribu tena. Asubuhi ya mwisho wa mwezi walibeba mikate ya shule. Kwenye kona ya sokoni, palipojaa watu, gari liliruka tuta, kreti zikalia.

"Mke wangu, kuna mtu?"

Jibu lilikuwa limemjaa mdomoni. "Naona unaogopa," alisema. "Hilo sitakujibu."

Mume aliguna kama aliyechomwa mwiba. Mguu uligusa breki. Kisha mguu ukarudi kwenye mafuta, kona ikapita, na nyingine ikapita, na lango la shule likafunguliwa kengele ya mapumziko bado haijalia. Aliishusha mikate akicheka peke yake.

Wakati wa kurudi walipita konani palepale. Gari likaruka tena. Msusi alimsubiri amuulize. Mume alikuwa anapiga mluzi, macho mbele, kashika usukani kwa mkono mmoja.

Msusi alitoa kichwa dirishani, akatazama nyuma.

"Hakuna mtu," alisema. Wala hakuna aliyemuuliza.