Miaka Mitatu Niliyompunguzia Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alikuwa rubani, na mwaka ule wa sabini na saba alikuwa rubani asiye na ndege. Shirika la ndege la nchi zetu tatu lilikuwa limevunjika, na watu wakaambiwa waende nyumbani wangoje barua. Yeye alikuja kwangu, upande wa barabara ya Maseno, nje kidogo ya Kisumu, ambapo ukisimama langoni unaona ziwa na kipande cha uwanja wa ndege. Mke wake na watoto walibaki Nairobi kwa sababu ya shule. Kofia yake ya kazi aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu, na kila nilipofunga mlango ilikuwa pale inanitazama.

Sikupenda kumwona mchana. Kwetu mwanamume anayeonekana nyumbani mchana siku ya kazi ni mgonjwa, au kuna msiba. Majirani walipita kunisalimu, lakini macho yao yalikuwa yanamtafuta yeye. Ndege ya kutoka Nairobi ilipokuja kutua, alitoka akasimama langoni mpaka magurudumu yaguse chini, kisha akarudi ndani. Nilimpa jembe. Alilima, lakini alilima kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

Siku moja alileta gazeti lenye tangazo. Nchi moja ya Waarabu ilikuwa imeanzisha shirika lake, ina ndege mpya lakini haina marubani wa kutosha, kwa hiyo inatafuta wageni. Walikuwa wanapita mji hadi mji wakiwapima watu, na Nairobi wangekaa siku tatu katika hoteli. Aliondoka na koti lake la kazi na kile kitabu kikubwa ambacho marubani wanaandika saa zote walizoruka, moja moja, na mkubwa anatia sahihi. Kitabu hicho alikifunga kwa shuka langu, mimi nikiwa pale.

Aliporudi alitueleza, mimi na binti yangu anayemfuata, aliyeolewa Nyalenda na ambaye alikuwa amekuja kunisaidia kuvuna. Alisema kwenye ukumbi ule walikaa kwenye viti kama wagonjwa, kila mtu amepakata kitabu chake. Kulikuwa na Waingereza, Wahindi, Wapakistani, Waethiopia na mmoja kutoka Ghana. Hakuna aliyekuwa wa nchi ile inayotoa kazi. Wote wazaliwa wa kwingine, na kila mmoja anamchungulia mwenzake kuona kitabu chake kina unene gani. Walisemezana kwa upole, lakini mtu akiitwa ndani wengine walitazama saa zao kujua atakaa muda gani. Msalani alimkuta Mhindi mmoja aking'oa mvi mbele ya kioo. Mwanangu akamwuliza, "Bwana, na hizo za nyuma?" Yule akamgeuzia kisogo, akamwambia amsaidie. Akamng'olea mbili.

Binti yangu alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini mtu mzima aone haya kwa mvi.

"Kwa sababu hawachukui mgeni aliyepita miaka thelathini na mitano, Mama," akasema. "Mimi niko salama. Nina thelathini na minne."

Nikainama nikaendelea kupepeta mtama. Nilipepeta hata ule uliokwisha kupepetwa.

Hapa lazima nirudi nyuma. Mtoto huyu alizaliwa mwaka ule malori ya serikali yalipokuja kuchukua vijana wa kwenda vitani. Ndugu ya baba yake alipandishwa lori asubuhi, na jioni ya siku hiyo mimi nikashikwa na uchungu. Kwa hesabu ya wenye vitabu ni mwaka wa arobaini. Alikua akichunga mbuzi, kwa sababu babu yake alikataa kumwachilia. Alikuwa akikimbia nao hadi ufukweni kutazama zile ndege za zamani zilizokuwa zikitua majini. Alipoachiliwa aende shule alikuwa na miaka kumi, na shule ya misheni haikuwa ikichukua mtoto mkubwa kuingia darasa la kwanza. Hakuna aliyekuwa na cheti. Mwalimu alikuwa na kipimo kimoja: mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Asipofika, arudi nyumbani akakue. Akifika anachukuliwa kuwa wa miaka saba. Akilipita sikio mpaka shavuni, huyo amechelewa.

Wa kwangu alikuwa mfupi, lakini mkono wake ulifika shavuni. Nilimfundisha njiani. Nilimwambia akaze bega, ajikunje, vidole viguse ncha ya sikio tu kama vinaona taabu kufika. Tulirudia mara nyingi tukitembea, na alipokosea nilimpiga kofi. Hakuuliza sababu. Siku zile mtoto hakuuliza. Mwalimu alipomtazama akiguna na sikio lake, aliandika miaka saba, na mimi nikasema ndiyo. Ubatizo ulifuata mwaka huo, kadi ikaandikwa hivyo hivyo. Baadaye hati yake ya kusafiria ikafuata kadi. Baba yake alijua, lakini baba yake alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo aliposema thelathini na minne, mimi peke yangu duniani nilijua ni thelathini na saba.

Baada ya kupimwa kule Nairobi, walikuwa wamebaki wanane kwa nafasi nne. Waarabu waliwapa wote wiki tatu walete cheti cha kuzaliwa. Kwa aliyezaliwa nyumbani, kama wangu, ilitakiwa barua ya naibu wa chifu na kiapo cha mzazi mbele ya hakimu. Mzazi aliyebaki ni mimi. Mwanangu alinieleza mambo haya kwa furaha, kama mtu anayenipa kazi nyepesi. Alisema nitashika Biblia, nitataja mwaka, basi.

Mimi ni mama wa kanisa. Watoto wangu wote nimewachapa kwa uongo kuliko kwa kosa lingine lolote, na nimewachapa hadharani. Nilipokwenda kisimani nilikuwa nikijiuliza: nikisema kweli, namnyang'anya mwanangu kazi kwa mdomo wangu, na wale Waingereza na Wahindi watamshukuru mama wasiyemjua. Nikisema uongo, naushikia Biblia. Tena nikajiambia kuwa uongo ule ndio uliompa shule, na shule ndiyo iliyompa ndege, kwa hiyo nimalizie nilichokianza. Kisha nikawa siwezi kumalizia. Nilikuwa nasahau chumvi. Mara mbili niliacha mboga ikaungua, na binti yangu akaniuliza kama ni malaria.

Naibu wa chifu alikuja nyumbani. Alikuwa mtu wa taratibu nyingi, kila jambo analiuliza mara mbili. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akaandika jina la kijiji, jina la baba, akaniuliza mwaka. Nikamwambia aandike kama kadi ya ubatizo.

"Mama, ubatizo si kuzaliwa," akasema. "Huyu anayemfuata alizaliwa wapi?"

Nikasema hospitali ya misheni.

"Basi ana kadi ya hospitali. Tukiona ya aliyefuata, tunajua ya aliyetangulia. Iko wapi?"

"Mchwa walikula."

Binti yangu alikuwa anaingia na uji. Akaweka kata chini, akasema kwa sauti yake ile ya kusaidia, "La, Mama, iko. Niliiona Krismasi, chini ya sanduku, imefungwa kwa kitambaa cha bluu."

Naibu wa chifu akanitazama. Mwanangu akanitazama. Nikamwambia binti kwamba uji wake una madonge, na kwamba huko alikoolewa wanastahili kuvumilia, si mimi. Yule mzee akacheka, akanywa uji, akasema basi nikiipata niende nayo mahakamani, na akaandika barua yake bila mwaka. Alipoondoka mwanangu alikaa pale pale muda mrefu, akizungusha kikombe. Nadhani alianza kuogopa hapo.

Siku ya kiapo tulitoka mapema, tukateremka mjini. Nilivaa gauni la kanisani. Kwenye veranda ya mahakama kulikuwa na benchi, na watu wa kesi za mashamba na watu wa talaka, wote wakingoja karani aite. Mwanangu alikuwa amevaa tai. Aliniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba Mpakistani mmoja kati ya wale wanane ana saa nyingi kuliko zake, lakini yule wa Ghana ana chache, kwa hiyo kama hakuna kitakachoharibika, yeye ni wa nne. Alisema neno hilo, kuharibika, na mimi nikafungua kanga kiunoni nikatoa kile kitambaa cha bluu.

Nilimpa. Alifungua. Kadi ilikuwa imekuwa laini kama ngozi ya kitunguu, lakini wino ulikuwa unasomeka: mtoto wa kike, mwaka wa arobaini na mbili.

Mtu anayeendesha ndege hahitaji kuhesabu kwa vidole. Aliisoma mara moja.

"Mama, huyu amenizidi mwaka mmoja."

"Hajakuzidi. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni."

Nikamweleza yote pale, kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini kwa sababu ya wale watu wa talaka: malori, mbuzi, mwalimu, mkono. Nilimwambia nilimpunguzia miaka mitatu mlangoni pa shule na sijawahi kujuta mpaka mwezi huu. Halafu nikasema maneno ambayo sijamwambia padri hata leo. Nilisema, "Nyathina, mwanangu, karani akiniita nitasema utakalotaka wewe. Ukitaka arobaini na tatu, nitashika Biblia niseme arobaini na tatu. Mbele ya Mungu nitajibu mimi."

Alipitisha mkono wake wa kulia juu ya kichwa, pale pale kwenye veranda, na tai yake. Vidole vikafika shavuni, vikaendelea mpaka karibu na mdomo. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu akamtazama, akasogeza mtoto wake. Mwanangu akaacha mkono ukae hapo kidogo, kisha akaushusha akakishika kile kitabu chake cha saa. Alikuwa amekuja nacho, sijui kwa nini, mahakama haikukitaka.

Akasema, "Hiki kina saa zaidi ya elfu nne. Kuna rubani mmoja tuliyefanya naye kazi aliongeza mia mbili kwa kalamu tu ili apate ndege kubwa. Siku ya mvua nyingi, zile mia mbili hakuwa nazo."

"Alikufa?"

"Yeye hakufa."

Karani akatoka mlangoni, akaita jina la kijiji chetu, kisha jina langu. Nikasimama. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja kile kitambaa cha bluu kidogo kidogo, mara nne, mara nane. Nilingoja. Karani akaita tena kwa ukali, akisema mama anayefikiri hakimu ni wa shangazi yake aje haraka.

"Sema ule wa malori," akasema mwanangu.

Nikaingia nikashika Biblia nikasema ule wa malori. Hakimu aliuliza nina hakika gani, nikamwonyesha kadi. Alinitazama juu ya miwani, akauliza kwa nini basi hati nyingine zinasema tofauti. Nikasema nilidanganya. Karani aliacha kupiga mashine. Nilisema tena, nisije nikaambiwa sikusikika.

Waarabu walijibu kwa barua fupi, hata ukurasa haukujaa. Mwanangu aliisoma langoni, akairudisha ndani ya bahasha, akaniomba jembe. Nilijua kwa hilo jembe. Siku hiyo alilima hadi mpaka wa jirani, na jirani hakulalamika. Wiki nyingi tulizungumza mambo ya ng'ombe tu. Hakunitupia neno baya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angelitupa. Nilimsikia akimweleza dada yake kwamba yule Mhindi alichukuliwa. Dada yake akasema labda angemng'olea na hizo mvi mbili kwa nguvu zaidi, zitoke na ngozi. Wakacheka wote wawili nyuma ya nyumba. Mimi nilikaa ndani na kofia yake.

Kurekebisha hati ya kusafiria kulichukua miezi. Baadaye nchi moja ya kusini yenye migodi ilitaka watu wa kuendesha ndege ndogo, kupeleka mafundi na vipuri. Huko pia walikuwa wageni wakishindana, lakini umri hawakuuliza sana, waliuliza kama unaweza kutua mahali pasipo na lami. Walimchukua. Aliondoa kofia kwenye msumari, na msumari nikauacha.

Barua yake ya kwanza kutoka kule niliisoma mwenyewe, polepole, herufi kwa herufi, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo cha kanisa. Alisema hali ni njema, joto ni kama la Kisumu, chakula chao ni kama chetu. Mwishoni aliuliza jambo moja. Alisema katika karatasi zao kule kuna nafasi ya mwaka, na nafasi ya mwezi, na ya siku, na yeye sasa ana mwaka peke yake. Akauliza mwezi gani.

Mwezi siujui. Nilimjibu kwamba mtama ulikuwa umeiva lakini haujavunwa, ndege walikuwa wanausumbua, na malori yaliacha alama za magurudumu ambazo bado zilikuwa mbichi alipolia mara ya kwanza. Nikamwambia aandike hivyo, na wasipotaka, achague mwenyewe, mimi nimekwisha kumchagulia vya kutosha.