Mstari wa Kinyozi

Mjomba wangu ni kinyozi wa miaka thelathini na moja, na kwa ubishi hana mpinzani. Kutwa alikuwa akifikicha macho na kusingizia nywele zinazoruka. Alibadilisha miwani mara tatu, na mara zote tatu mkosaji akawa miwani. Taa moja aliiona tatu, akanyamaza. Nilimgundua siku aliponiamkia, "Shikamoo, mama," akidhani mimi mpwa wake ni mama mkwe wake. Niliitikia marahaba, kisha nikamburuta hospitali.

Daktari wa macho alimpima muda mrefu. "Kaka, kioo chako kimepinda."

"Kioo changu?" Mjomba alikuja juu. "Nimekinunua juzi tu, na wewe dukani kwangu hujawahi kufika!"

Daktari hakucheka, mimi nilitoka nje kidogo. Niliporudi alikuwa anaeleza kioo cha jicho, ule utando mwangavu wa mbele. Wa mjomba umekuwa mwembamba na kuchongoka kama ncha ya yai, na kufikicha kunauharibu zaidi. Watautia matone ya vitamini na kuumulika kwa mwanga maalumu ili ukaze, usiendelee kuharibika. Uoni uliopotea haurudi kwa hilo. Baadaye atavaa lenzi ngumu machoni, zimrekebishie uoni.

"Nitanyoa?" Hakuuliza kingine.

"Tutaona."

Basi roho yake ikawa juu miezi yote ya matibabu, huku akinyoa hivyo hivyo. Baada ya kila jicho kutibiwa alijifungia chumbani siku tatu, akilia kwamba ametiwa pilipili. Mkewe alimvisha soksi mikononi asijifikiche usingizini.

Lenzi zikaja. Asubuhi ya kwanza aliketi mwalimu mkuu, mteja wake wa siku zote. Mjomba alimtazama kwenye paji la uso, akazima mashine.

"Mwalimu, nani kakuharibu hivi? Mstari wa nywele umelala upande!"

"Wewe nyoa tu."

"Nitajie huyo mtu!"

"Mimi kinyozi wangu ni mmoja."

Mjomba akageukia benchi. Fundi viatu, muuza mitumba, shemeji yake: wote mstari umeshukia kulia. Miaka miwili, tangu macho yaanze kumsumbua, watu wazima walitembea hivyo mitaani, na mwalimu alisimama hivyo mbele ya shule nzima.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungefunga duka," alisema mwalimu.

Mjomba alilia, mashine mkononi. Benchi zima lilingoja amalize, kila mtu na zamu yake.